Simba Yuko Ukurasa wa Ngapi

Domina hakuwa na meza ya kuandikia, wala hakuwahi kuitamani. Alikuwa fundi cherehani pale Kilosa, kwenye kibanda cha mabati karibu na stesheni ya zamani, na riwaya yake nzima aliiandika kwa kidole gumba kwenye simu. Mteja mmoja akiondoka na kabla mwingine hajafika, alikuwa anasukuma kitambaa pembeni, anachukua simu, anajitumia ujumbe yeye mwenyewe. Leo sentensi chache, kesho ukurasa mzima, keshokutwa sare za shule zimemzidi na hajaandika neno. Mumewe Bonifas, fundi pikipiki mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, alimwona mke wake akitabasamu peke yake na simu kwa miezi mingi. Hakuuliza kitu. Alinyamaza kwa uchungu, kama mwanamume anayejiandaa kupokea habari mbaya.

Habari ilitoka Jumamosi moja, tena kwa makosa. Domina alikuwa amemaliza sura ya tano, ile ambayo dada wawili waliorithi nyumba ya baba yao kule Munisagara wanatukanana hadi wanaamua kujenga ukuta katikati ya nyumba, kila mmoja abaki na upande wake. Alikuwa na haraka; kuna gauni la bibi harusi lilikuwa linangoja zipu. Akabonyeza, akatuma. Lakini badala ya kujitumia mwenyewe, aliituma kwenye kundi la jumuiya.

Ujumbe ulianza hivi: "Wewe mchawi, na mama alikujua, ndiyo maana alikufa bila kukuachia hata sufuria."

Wakati huo kina mama wa jumuiya walikuwa wakipangana zamu za kufagia kanisa. Kundi likapoa ghafla kama moto uliomwagiwa maji. Mwenyekiti wao, Mama Costancia, ambaye wiki iliyopita alikuwa ametofautiana na Domina kuhusu rangi ya vitenge vya sikukuu, hakuhitaji kuambiwa mchawi ni nani. Alikuja kibandani kwa miguu, kanga kiunoni, simu mkononi, anahema.

"Domina, mimi ndiye mchawi?"

"Mama, nisamehe, siyo wewe. Ni Tabia."

"Tabia yangu ina nini?"

"Tabia ni jina la mtu, mama. Mtu wa hadithi. Hayupo."

"Hayupo, na umemtukana hivi?"

Mama Costancia aliketi kwenye benchi la wateja ili asome upya, atafute mahali alipotajwa. Alisoma akiwa amekunja uso. Akasogeza ujumbe juu, akasoma tena. Uso ukaanza kukunjuka kidogo kidogo. Alipofika mwisho alimtazama Domina kana kwamba ni mtu mgeni.

"Halafu?"

"Halafu nini, mama?"

"Ukuta waliujenga kweli?"

Katika mambo yote yaliyompata Domina baadaye, mazuri na ya aibu, hakuna lililomwingia moyoni kama hilo "halafu". Alishona zipu ya bibi harusi kichwa chini, miguu juu, akalazimika kuifumua.

Kuanzia hapo jumuiya ikawa inadai sura mpya kama inavyodai michango. Na Bonifas alipoambiwa kwamba kilichokuwa kwenye simu ni kitabu na wala siyo mwanamume, furaha ilimzidi akashindwa kuitunza. "Mke wangu ni mwandishi!" akawa anawaambia hata watu waliokuja kununua plagi na kuondoka zao. Mama Costancia naye alikuwa na mpwa wake, Goodluck, mhariri katika kampuni ndogo ya uchapishaji mjini Morogoro. Akamtumia sura zote, na mwisho akaongeza maneno yake mwenyewe: "Kichape hiki kitabu, la sivyo usije kula Krismasi kwangu."

Goodluck alipenda Krismasi ya shangazi yake. Lakini, kama alivyoapa baadaye, kitabu nacho alikipenda. Alipiga simu wakati Domina akimpima kiuno baba mmoja mnene, katekista, aliyekuwa amenyanyua mikono juu kama aliyekamatwa na polisi.

"Dada Domina, tumekubali. Tunachapa."

Futi kamba ilianguka. Domina alitoka nje, akazunguka kibanda, akarudi, akatoka tena, akamkumbatia muuza karanga ambaye hawakuwa wanasalimiana. Aliporudi ndani alimkuta katekista bado amenyanyua mikono.

"Niteremshe?" akauliza kwa upole.

Basi ikaja kazi ya uhariri, ambayo hakuna mtu aliyemwonya kwamba inauma. Goodluck alikuwa kijana mpole lakini kalamu yake haikuwa na huruma. Alimfutia shangazi mmoja mzima, mtu ambaye Domina alikuwa ameishi naye kwa sura tatu. Alimfutia mvua mbili. Alimfutia "basi" karibu zote, akisema zimezidi kama chumvi. Domina alizililia. "Sasa mtu ataanzaje kusema jambo bila basi?" alimuuliza Bonifas, na Bonifas, ambaye hajawahi kuandika kitu kirefu kuliko risiti, alisema huo ni uonevu na kwamba angekuwa yeye angekwenda Morogoro.

Vitabu vilifika kwa basi, kwenye boksi lililofungwa kwa utepe wa gundi. Bonifas alilipakia kwenye pikipiki kutoka stendi, akiendesha polepole kama aliyebeba mgonjwa. Kibandani walikuwa wamejaa watu. Mama Costancia alisali kwanza. Domina akachukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, akachana gundi, akafungua.

Simba.

Simba dume, manyoya yamesimama, kinywa wazi, meno yote nje, amejaa jalada zima kuanzia juu hadi chini. Chini kabisa, kwenye kidevu cha simba, kwa maandishi madogo: Ukuta wa Kati. Na chini zaidi, madogo kuliko hayo, jina lake.

Watu walipiga makofi. Domina alitoa kitabu cha pili, kana kwamba labda cha kwanza kilikuwa kimekosewa. Simba. Cha tatu. Simba.

"Mke wangu," Bonifas alimnong'oneza, na kunong'ona kwake kulisikika hadi barabarani, "kwani kuna simba?"

"Hakuna."

"Labda yuko upande wa pili wa ukuta."

Domina alitoka nje na simu. "Kaka Goodluck, nimepokea vitabu. Ahsante sana. Huyu simba ametokea wapi?"

"Umempenda? Simba anauza sana, dada."

"Kitabu changu ni cha wanawake wawili na ukuta."

"Lakini Mikumi si imo? Sasa mtu akisikia Mikumi anategemea nini?"

"Mikumi imo mara moja tu! Yule dada mkubwa, Sikitu, alipokwenda kununua nyanya!"

"Meneja wa mauzo ndiye aliyechagua," Goodluck akasema kwa sauti ya mtu ambaye naye alishapigana vita hivyo akashindwa. "Dada, wewe uza. Msomaji akishaingia ndani, simba atamsahau."

Domina aliona hayo ni maneno ya busara. Alikosea.

Pale Kilosa simba hakuleta shida. Wasomaji wengi walikuwa jumuiya, walishajua kilichomo, na wengine walinunua kwa heshima tu wakakiweka kabatini karibu na bilauri za wageni. Shida ilianza pale mdogo wake Domina, Lightness, aliyeolewa Mikumi na mwenye mgahawa kando ya barabara kuu, aliposema kwamba uzinduzi mkubwa ufanyike kwake. Magari hayakatiki pale, alisema, na mgeni rasmi keshampata: Mzee Lukasi, mwenye gesti ya ghorofa, mtu asiyeshindwa kuhutubia.

"Dada, niambie kwanza," Lightness aliongeza kwenye simu. "Kati ya hao wawili, mimi ni yupi?"

"Wewe si yeyote."

"Yule mzuri wa sura?"

"Lightness, ni watu wa kutunga."

"Basi ni yule mzuri wa sura," Lightness alisema, akakata simu.

Siku ya uzinduzi walikwenda kwa kirikuu, kigari cha mizigo, cha rafiki yake Bonifas, maboksi nyuma, Domina mbele na gauni alilojishonea mwenyewe, rangi ya udongo mwekundu, chaguo alilojipongeza nalo vumbi lilipoanza kuingia dirishani. Mgahawa ulijaa. Kulikuwa na wauza nguo, walimu, mama wa sokoni, na madereva wa malori ya miwa waliopanda kutoka Kidodi kwa sababu walisikia kuna pilau. Mbele, Lightness alikuwa ametundika jalada la kitabu lililochapwa kwenye turubai kubwa kama mlango. Simba alitazama pilau ya watu wote.

Mzee Lukasi alikuwa ametumiwa kitabu mapema. Aliinuka, akakohoa, akakinyanyua juu.

"Ndugu zangu. Nimekisoma kitabu hiki. Nimekisoma chote. Na nawaambia kweli, nilipofika pale simba anapotokea, mimi, mtu mzima, niliinuka nikafunga mlango wangu kwa komeo."

Watu wakapiga kelele za kushangilia. Domina alimtazama Bonifas. Bonifas alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

"Huyu binti yetu," Mzee Lukasi aliendelea, sauti ikipanda, "amemwandika simba kama mtu aliyemnyonyesha! Siwezi kuwamalizia utamu. Namwomba mwandishi mwenyewe aje, atusomee sehemu ile ya simba. Ile ile. Mwandishi, karibu."

Ukumbi ukashika: "Simba! Simba!" Wengine walidhani ni mambo ya mpira, wakaanza kuitikia kwa jina la timu pinzani, ikabidi watulizwe.

Domina alisogea mbele. Angeweza kusema. Maneno alikuwa nayo mdomoni: jamani, kuna kosa kwenye jalada. Lakini Mzee Lukasi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha heshima, mikono juu ya tumbo, anamtabasamia kwa imani kamili, na ana umri wa baba yake. Utamwaibishaje mtu mzima hivyo mbele ya watu wake, tena pilau ni ya mchango wake? Akafungua kitabu popote. Ukurasa uliofunguka ulikuwa unaeleza jinsi dada wale walivyogawana vikombe.

Akaukazia macho ukurasa wa vikombe, akafungua mdomo, akasoma kisichokuwepo.

"Asubuhi ile simba alitokea upande wa mahindi. Hakuwa na haraka. Alikuja akaketi katikati ya uwanja kama mgeni aliyeambiwa asubiri chai."

Kijiko kilichokuwa kinagonga sahani mahali fulani kikaacha kugonga.

"Sikitu alimwona kupitia dirisha lake. Tabia alimwona kupitia dirisha lake. Na kila mmoja alijua kwamba mwenzake, kwa saa hiyo, ndipo anapotoka kuchota maji. Sikitu alitaka kupiga kelele. Lakini yeye na mdogo wake hawakuwa wamesemeshana tangu ukuta usimame, na aliapa kwamba hatakuwa wa kwanza. Tabia naye aliapa hivyo hivyo. Simba akapiga mwayo. Upande wa Tabia, komeo la mlango likaanza kuvutwa..."

"Mungu wangu, asitoke!" mama mmoja wa sokoni alipiga ukelele.

Domina aligeuza karatasi, ili ionekane ameingia ukurasa mwingine. Alimsogeza simba hadi mlangoni. Alimfanya Sikitu achukue sufuria, alipige kwa mwiko, alipige kwa nguvu zote bila kusema neno, kwa maana kupiga sufuria siyo kusema. Alimfanya Tabia, nyuma ya mlango, asikie sufuria la marehemu mama yao likipigwa na aelewe. Simba alinyanyua sikio moja. Na hapo Domina akafunga kitabu.

"Halafu?" watu wakauliza kwa pamoja.

"Halafu mkasome wenyewe," alisema, akaketi.

Vitabu viliisha kabla ya pilau. Madereva wa malori walinunua hadi vile vilivyochafuka mchuzi. Mzee Lukasi alimshika mkono akamwambia, "Umeona? Sehemu hiyo ndiyo iliyonifanya nifunge mlango." Njiani kurudi Kilosa Bonifas aliendelea kumsifu simba kwa kilomita nyingi, halafu ghafla akanyamaza, akageuka.

"Kumbe yupo, na wewe ulisema hakuna! Mbona mimi sikumwona nilipokisoma?"

"Kwani ulikisoma?"

Bonifas akatazama nje, akasema mahindi ya mwaka huu yamependeza.

Domina alikuwa na furaha kwa siku chache, ile furaha inayomfanya mtu akate kitambaa akiimba. Kisha Lightness akapiga simu.

"Dada, umetuuzia vitabu vibovu. Watu wanakuja kwangu na vitabu vyao. Wanasema ukurasa wa simba umechomolewa."

"Wote?"

"Wote! Godfrey, yule dereva wa miwa, kaa naye mbali. Amehesabu kurasa zote kwa kidole, anasema namba zimetimia ila simba hayupo. Wengine wanasema vya Kilosa vina simba na wa kwetu mmemwiba. Kuna mwingine anasema binamu yake wa Ruaha anacho chenye simba, tena na picha."

"Na Mzee Lukasi?"

"Watu wamekwenda kwake waone cha kwake. Amesema simba wake yupo, ila kitabu amemwazima mtu."

Domina aliweka simu chini akatazama cherehani. Mtu anaweza kuota kwa miaka kwamba ipo siku watu watakisaka kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, na siku ikifika wanasaka kitu ambacho hakukiweka. Alimwambia Bonifas atafute kirikuu tena.

"Twende na vitabu vingine?" Bonifas aliuliza.

"Twende na mimi tu."

Mgahawani walikuwa wanamsubiri. Godfrey, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, alikuwa meza ya mbele na kitabu kimefunguliwa kama ushahidi. Domina hakuketi.

"Jamani, shikamooni wakubwa, habari zenu wadogo. Nimekuja kusema jambo moja. Simba hayupo. Hakuchomolewa, hakuibiwa. Sikumwandika. Yule wa kwenye jalada ni wa watu wa mauzo. Na yule niliyewasomea siku ile nilimtunga pale pale, nimesimama mbele yenu, kwa sababu niliona aibu."

Nje lori lilipita, vikombe vikatetemeka mezani.

"Pale pale?" Godfrey akauliza.

"Pale pale."

"Bila karatasi?"

"Karatasi ilikuwa ya vikombe."

Godfrey alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. "Dada, mimi siku ile niliporudi kwenye lori nilichungulia chini ya gari kabla sijapanda. Mimi! Miaka yote napita hii mbuga naona simba halisi wamelala kama mbwa, siogopi. Nikaogopa wa kwako, tena kumbe ni wa uongo!" Akaanza kucheka, na kicheko chake kikawafungulia wengine njia. Walicheka hadi mama wa sokoni akafuta machozi kwa pindo la kanga.

Domina alikuwa ameanza kuvuta pumzi pale Godfrey alipoongeza:

"Lakini ulikosea kutomweka. Mimi nakwambia ukweli, yule simba ni mzuri kuliko kitabu chote."

"Kweli kabisa," watu waliunga mkono. "Simba ndiye alikuwa mtamu."

Kama kuna dawa chungu ambayo mwandishi anaweza kunyweshwa mbele ya watu akitakiwa atabasamu, ni hiyo. Domina aliimeza. Alifikiria miezi yote ile, shangazi aliyefutwa, mvua mbili, "basi" alizozililia. Na simba wa kukurupuka, simba wa aibu, amewashinda wote.

"Ila huyu Sikitu," Godfrey aliendelea, akigongagonga kitabu kwa kucha, "huyu ana roho mbaya. Nilikuwa namtafuta simba amle."

"Sikitu?" mama wa sokoni aligeuka kama aliyechomwa. "Sikitu amekosa nini? Aliyeanza ni Tabia! Soma vizuri. Nani alihamisha jiwe la kusagia bila kuuliza?"

"Jiwe lilikuwa la mama yao wote!"

"Lakini aliyemuuguza mama alikuwa nani?"

Mwalimu mmoja kwenye kona akasema kwake yeye wa kulaumiwa ni baba, aliyekufa bila kusema nyumba ni ya nani. Wakamgeukia, wakambishia. Kila mmoja alikuwa amesoma. Walikuwa wamesoma chote, kwa hasira, neno kwa neno, wakimtafuta simba, na njiani wakawa wamewakuta watu. Lightness, aliyekuwa amebeba sinia la chai, alitetea dada yule mzuri wa sura kwa nguvu zake zote, hadi ilibidi akumbushwe kwamba kuna wateja. Domina alivuta kiti akaketi katikati ya ugomvi huo, na hakuna aliyemuuliza lolote, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwandishi yupo.

Ndipo Mzee Lukasi alipoingia na fimbo yake, hajui kilichosemwa. Aliona vitabu mezani, akanyanyua sauti.

"Bado mnamtafuta simba? Mimi ukurasa ule nimeuona kwa macho yangu haya!"

Mgahawa mzima ukamtazama. Godfrey alifungua mdomo. Domina akawahi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee ndiye aliyemwona kabla yetu sote," Domina akawaambia watu. "Mimi mwenyewe nilimwona baada yake."

Ilikuwa kweli, ukiifikiria. Mzee Lukasi aliketi ameridhika, akaagiza chai ya watu wote.

Wiki zilizofuata Goodluck alipiga simu na sauti ya sherehe: vitabu vimeisha, wanachapa tena, na meneja amesikia habari za Mikumi. Je, dada hawezi kumwongeza simba? Kurasa chache tu. Domina alilifikiria kwa siku nzima, akishona na kufumua. Ilikuwa rahisi, simba alishakuwa tayari kichwani. Lakini kila alipomwingiza Munisagara, dada wale wawili walikuwa wanasimama dirishani wakimtazama simba, na kuacha kusikilizana. Alikataa. Akaomba badala yake arudishiwe "basi" zake. Baada ya mashauriano marefu alirudishiwa baadhi, na jalada likawa na ukuta, na simba mdogo sana kwenye kona, kwa sababu meneja naye hakuwa mtu wa kushindwa moja kwa moja.

Siku moja asubuhi, mvua ya rasharasha, mwanamke mtu mzima alisimama mlangoni mwa kibanda. Alikuwa na baibui iliyoloa pindoni na kitabu amekifunga kwenye mfuko wa nailoni kisinyeshewe. Alisema anaitwa Mwanakheri, anatoka Chanzuru, na mkwe wake ndiye humsomea wakipembua mchele.

"Shikamoo mama. Karibu ndani."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika habari za Sikitu na Tabia?"

"Ndiye mimi, mama. Kuhusu yule simba, naomba..."

"Simba gani? Sijaja kwa ajili ya simba." Aliketi kwenye benchi, akaweka mfuko mapajani. "Nimekuja kwa ajili ya kikohozi."

Domina aliacha kukanyaga cherehani.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu unamwonyesha Tabia alfajiri, ameweka sikio ukutani. Kwa miaka yote hiyo amekuwa akimsikia dada yake akikohoa upande wa pili kila kunapokucha. Alfajiri hiyo hakuna kikohozi. Kitabu kinaishia hapo.

"Amepona au amekufa?" Mwanakheri akauliza.

"Mama, hapo... niliacha msomaji ajiamulie." Maneno hayo alifundishwa na Goodluck, na siku zote alipoyasema watu walitikisa kichwa kwa heshima.

Mwanakheri hakutikisa. "Mimi nimetoka Chanzuru na matope haya, nijiamulie? Wewe si ndiye uliyewazaa? Hujui mwanao kama yu hai?"

Bonifas, aliyekuwa amekuja kuchukua chai, alisema kwa maoni yake Sikitu amekufa. Mteja aliyekuwa anajaribu sketi nyuma ya pazia akatoa kichwa na kusema hapana, amelala tu. Mwanakheri hakuwajibu. Alikuwa anamtazama Domina, na hasira ilikuwa imeanza kumtoka, ikiacha kitu kingine nyuma yake.

"Nina dada yangu," alisema. Akarekebisha mtandio ambao haukuwa umeharibika. "Haya, kufa na kupona niachie mimi. Niambie jambo moja tu. Tabia alikwenda?"

Domina alijua kwamba hilo siyo swali la mhariri. Alikata uzi, akaweka mkasi pembeni, akasogea akaketi naye kwenye benchi.

"Alikwenda, mama. Alizunguka kwa nje, kwa kuwa walipojenga ukuta hawakuacha mlango. Alipita nyuma ya nyumba, kwenye majani yenye umande, amebeba uji. Akabisha hodi."

"Hodi ya kawaida, au ya kugonga?"

"Ya kugonga, mama. Sauti haikutoka."

"Eee. Haitoki." Mwanakheri alikubali kwa kichwa. "Endelea."

"Ndani kukawa kimya. Akagonga tena. Ndipo Sikitu akauliza, 'Nani?' Na Tabia akashindwa ajitaje vipi, maana walikuwa hawajaitana majina siku nyingi. Akasema, 'Nimeleta uji.' Akafunguliwa. Sikitu alikuwa amedhoofu, lakini yuko wima, ameshika mlango. Akaupokea uji, akanywa, akamshukuru mdogo wake..."

"Hapana," Mwanakheri alimkata. "Hapo umedanganya. Dada mkubwa hashukuru hivyo. Atasema uji hauna sukari."

Domina alimtazama. "Akasema uji hauna sukari."

"Sasa hapo sawa."

"Na Tabia akasema sukari iko kule kwake, angetaka angeifuata."

Mwanakheri alicheka. Alicheka taratibu, mabega yakitikisika, mkono mdomoni, kisha akatazama mvua ikipungua. Nyuma ya pazia mteja wa sketi alikuwa anapenga kamasi. Hatimaye mama yule alifunga mfuko wake wa nailoni vizuri, akainuka.

"Baba," alimwambia Bonifas, "magari ya Kidodi yanapatikana saa hizi?"

"Kidodi? Kuna ya kuunganisha Mikumi, mama. Kidodi kuna nini?"

"Kuna mtu."

Bonifas alivuta pumzi ili aulize swali la pili. Domina alimkanyaga mguu. Bonifas akaweka kikombe chake juu ya meza ya kukatia, akatoka kwenye rasharasha, na sauti yake ikasikika hadi stesheni ikimsimamisha dereva wa Mikumi ambaye alikuwa keshawasha gari.